Vidonge Kumi na Saba vya Mjomba Fransis

Mwanangu Pina,

Mjomba wako Fransis amebakiwa na vidonge kumi na saba. Ameniambia mwenyewe kwa simu leo Alhamisi, saa tano asubuhi, akiwa nyumbani kwake Mkuyuni, baada ya kuvimwaga kwenye sinia na kuvihesabu mara mbili. Anameza kimoja kila jioni. Vikiisha hakuna kopo lingine, na daktari alishamwonya kwamba dawa hii ikikatizwa ghafla ini linaweza kuwaka upya, vibaya kuliko mwanzo. Hiyo ndiyo habari mpya kuliko zote nilizonazo.

Wewe hujui kwamba mjomba wako anameza vidonge. Kuna mengi hujui. Nimebaki hapa chumba cha habari, taarifa ya saa kumi imeshasomwa, wenzangu wameondoka, ili niyaandike kabla hujapanda basi kesho alfajiri. Neti, blanketi zito la baridi ya Sumbawanga, nani wa kumwamkia kwanza ukifika shuleni kuanza ualimu, hayo mama yako ameyamaliza, na ukisahau moja atakupigia. Mimi nina jambo jingine. Jumanne nitasimama mbele ya kikao cha halmashauri na kusema kitu kwa jina langu. Redio yetu itakirusha, na kuna mtu atakutumia klipu kwenye simu kabla mimi sijafika nyumbani. Nataka ukisome kwangu kwanza.

Ninaishi na VVU. Nilipima ulipokuwa darasa la tano. Nilivipata nikiwa mume wa mama yako, kwa makosa yangu, miaka ile nilipokuwa nalala safarini mara nyingi kuliko nyumbani. Mama yako alipima wiki hiyohiyo. Hana, na mpaka leo hana. Wewe ulikuwa umezaliwa zamani, havikukugusa. Sentensi hizi nimezitunga kichwani kwa miaka mingi na kila mara nilizirefusha. Kumbe ni fupi hivi.

Lile begi la kamera nililokukataza kulifungua, ukadhani naogopea lenzi, ndimo lilimokaa kopo la dawa. Kamera yenyewe ilikufa ukiwa kidato cha pili. Begi nimeendelea kulibeba.

Unakumbuka ulivyopasuliwa tumbo, kidato cha tatu, utumbo ulipojisokota. Daktari alitaka ndugu wachangie damu. Baadaye uliwahi kuniuliza kwa nini baba mzima nilikaa kwenye benchi, nikakujibu kwamba presha ilikuwa juu. Sasa unajua. Aliyekuja ni Mjomba Fransis, kateremka na gari la kwanza, kabeba mkungu wa ndizi kwa ajili ya manesi.

"Damu ya mlimani hii," alimwambia mtu wa maabara huku akikunja shati. "Mtoto akiongezwa hii, milima ya Uluguru ataipanda bila kupumzika."

Wakamwambia asubiri. Akasubiri mpaka ndizi zikaanza kuliwa. Kisha wakamwita peke yake, akatoka na karatasi mkononi. Tulikuambia damu yake ilikuwa ya kundi tofauti na lako. Uliongezwa damu ya mtu tusiyemjua. Karatasi ya mjomba wako ilisema homa ya ini aina ya B.

Aliniuliza palepale kwenye korido, kwa sauti ya chini, "Shemeji, hii ndiyo ile yako?" Mama yako alikuwa ameshamwambia ya kwangu. Nikamjibu hapana, hii ni nyingine. "Afadhali," akasema. Tulicheka wote wawili. Hatukujua tulichokuwa tunakicheka.

Zile sindano tatu ulizochomwa ulipopona, nilizokuambia zinatakiwa na shule, zilikuwa chanjo ya ugonjwa huo. Walikupima kwanza. Huna. Huo ni uongo wangu mwingine, na ndio pekee katika barua hii nisioujutia sana.

Miaka miwili ilipita mjomba wako akiwa mzima, akibeba magunia ya pilipili manga kama kawaida. Halafu vipimo vikaanza kuonyesha ini linaumia, naye mwenyewe akaanza kuchoka kabla ya adhuhuri. Daktari akamwandikia dawa. Nilipolisoma jina la dawa ile nililitambua, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye kopo langu pia. Nilimuuliza yule daktari mara mbili, kama ninavyomuuliza mtu yeyote anayeniambia jambo lisiloingia akilini. Akasema ndiyo: kidonge chako cha VVU kina dawa tatu ndani yake, na mojawapo ndiyo hii anayoihitaji shemeji yako. Wewe unapewa bure kwa sababu una VVU. Yeye hana, kwa hiyo anunue.

"Na angekuwa na vyote viwili?"

"Angepewa bure," akasema, akatazama dirishani.

Mjomba wako alipoelezwa hivyo aliugeuza utani, unamjua. Alikuwa amekaa sebuleni kwetu, pale unapopenda kukaa wewe. "Shemeji, ugonjwa wako una wenyewe. Una kliniki, una kadi, una siku yake ya maandamano. Wangu kama mtoto wa kuokotwa. Niambukize wako basi, nami nipate kadi." Mama yako alimrushia kitambaa cha kufutia meza, akamwambia anyamaze. Yeye akakikunja kitambaa vizuri, akakiweka gotini, hakutania tena siku hiyo.

Msimu mmoja alinunua dawa kwa fedha ya pilipili manga. Msimu uliofuata mvua ilikosea majira na mipilipili yake ikazaa kidogo. Mama yako akamshauri auze kile kipande cha juu, chenye mdalasini. Wakaitana kikao cha ukoo. Mimi nilikaa nje, maana ukoo ule si wangu; ni wa mama yako, na ni wako. Kwao shamba hufuata upande wa mama, linatoka kwa mjomba kwenda kwa watoto wa dada yake. Dada yake ni mmoja tu, na dada huyo ana mtoto mmoja. Niliyasikia yote kupitia dirisha.

"Kile ni kipande cha Pina," alisema mjomba wako. "Niuze kitu cha mtoto ili mimi nimeze?"

Mzee mmoja akamwambia, "Ukifa si atakirithi mapema zaidi?"

"Sawa," akasema, "lakini atakikuta."

Kisha akatuapisha tusikuambie. Alijua ungesema kiuzwe. Ninavunja kiapo hicho leo, na Jumanne nitamwambia kwamba nimekivunja. Sikuombi useme lolote kuhusu shamba. Nakuambia kwa sababu umekuwa ukilima na kula kwenye ardhi ambayo mtu anaikinga kwa ini lake, na si haki usijue.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kupanga. Wakati huo nilikuwa napewa dawa za miezi sita kwa mkupuo. Nilimwambia nesi nina safari ndefu ya kikazi, akaniongezea makopo. Nikamwambia nimesahau begi kwenye basi la Dodoma, akaniongezea tena. Mwandishi wa habari husafiri, nani angebisha? Makopo yale yalikwenda Mkuyuni, chini ya magazeti. Nilipoona uongo wa safari umeanza kuchakaa, nikaanza kugawa za kwangu: leo nameza, kesho namwekea yeye. Yeye alidhani nina za ziada. Hata yeye nilimdanganya.

Nilikuwa nimeandika habari nyingi juu ya watu wanaoruka dawa. Nilijua hatua kwa hatua kinachofuata. Nilijiambia mwili wangu ni mgumu, nakula vizuri, natembea. Hayo ni maneno niliyoambiwa na kila mgonjwa niliyewahi kumhoji, na kila mara niliyaandika nikimsikitikia.

Aliyegundua ni Nesi Yustina wa kliniki yangu, mwanamke wa maneno machache, anayekutazama vidole unapojibu.

"Baba Pina, wingi wa virusi umepanda. Unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaweka kalamu chini. "Kazi yako kuuliza watu. Mtu akikujibu haraka hivyo, wewe unamwandika?"

Nikamweleza yote. Hakupandisha sauti. Alisema, "Kwa hiyo sasa nina wagonjwa wawili, na hakuna hata mmoja anayetibiwa."

Kuanzia siku hiyo napewa dawa za mwezi mmoja, na vidonge vinahesabiwa mbele yangu. Virusi vimeshuka tena. Mwili wangu ulinisamehe; si miili yote husamehe. Miezi michache baadaye Yustina naye aliondoka. Ajira yake ilikuwa ya mradi wa wafadhili, na fedha za mradi zilisimama. Siku anaaga alinionyesha rafu ya dawa kwa kidevu. "Hata hii yako ya bure, Baba Pina, kuna mtu mbali anailipia. Akichoka?" Nilitoka pale nikiwa na daftari mfukoni, sikuandika neno.

Miezi hiyo mjomba wako alijinunulia kwa fedha ya mavuno mapya. Ilipoisha, mwezi juzi, ndipo mama yako alipojua kwamba nilikuwa namgawia kaka yake dawa zangu, akakaa kwenye kigoda cha jikoni na sufuria ikaungulia mbele yake. Nilijaribu kumweleza sababu. Akasema, "Usiniulize nani. Mume na kaka. Usije ukaniuliza." Sikumuuliza. Wiki ile akauza cherehani. Haipo kwa fundi, Pina, na usiendelee kumuuliza imefikia wapi. Kwa cherehani ile tulinunua makopo mawili, na vidonge vya sinia ya leo asubuhi ndiyo mabaki ya kopo la pili.

Nimefika kwenye jambo nililotaka ulijue kuliko yote, na halihusu kopo.

Mwaka mmoja na zaidi uliopita, wajumbe wa kamati moja walitembelea kituo cha afya, nasi waandishi tukaambatana nao. Walioneshwa wodi, walioneshwa jokofu la chanjo. Mwishoni mjumbe mmoja akauliza, mbele yetu sote, kama kuna watu wanaopata shida ya dawa za homa ya ini. Aliuliza kwa dhati, nilimwona. Mganga wa kituo alikuwa na haraka ya chakula cha wageni, akasema hajakutana nao. Mjumbe akatugeukia sisi. "Ninyi waandishi mnazunguka. Mmewahi kukutana na mgonjwa wa namna hiyo?"

Nilikuwa nimeshika kinasa sauti. Kopo lilikuwa begani mwangu, ndani ya begi la kamera, na nusu ya kilichokuwamo kilikuwa cha mjomba wako. Ningeweza kusema ndiyo, namjua mmoja, yuko Mkuyuni. Lakini swali la pili lingekuwa anaishije bila dawa, na jibu la swali hilo lilikuwa mimi. Nilikinyoosha kinasa sauti karibu zaidi na mdomo wa mjumbe, kama mtu anayesubiri jibu la mwingine.

Akasema, "Basi hakuna malalamiko."

Nilimnukuu neno kwa neno. Kwa taratibu za kazi yetu ile ilikuwa habari safi: msemaji yupo, mahali panajulikana, sauti ninayo. Ilisomwa saa saba mchana. Mjomba wako aliisikia akiwa shambani, kwenye kile kiredio chake kilichofungwa mpira, akanipigia. Sauti yake haikuwa na hasira.

"Shemeji," akasema, "kumbe hatupo."

Nimefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa. Nimewahi kukosea majina, nimewahi kukosea vyeo, nimeomba radhi hewani. Habari ile haikuwa na kosa hata moja la kurekebishwa, na ndiyo ninayoirudia kichwani kila ninapofungua maikrofoni.

Sasa wameitisha kikao cha kupokea maoni ya wananchi juu ya bajeti ya afya. Nimeandikisha jina langu, na la mjomba wako baada ya langu. Mhariri aliniita ofisini. "Kaka, ukisimama pale kama mgonjwa, huwezi kurudi kukaa huku kama mwandishi wa afya. Unalijua hilo?" Nikamwambia nalijua. "Salma ataiandika," akasema. Salma ni yule binti uliyemfundisha kutumia kompyuta yetu ya zamani. Ataandika vizuri. Anauliza mara mbili.

Kila msemaji amepewa dakika tano. Nitasema nilichokuandikia, kwa kufupisha. Nitasema kidonge ni kilekile, na kwamba watu wawili wa familia moja wametengwa na jina la virusi. Nitaomba dawa ya homa ya ini iwekwe kwenye fungu la fedha za umma na kwenye bima, pamoja na kipimo chake, kwa sababu dawa bila kipimo ni kubahatisha. Nitaomba na hii yangu ya bure ianze kulipiwa na sisi wenyewe, kidogo kidogo, kabla yule mtu wa mbali hajachoka. Nitataja jina langu. Nitataja kwamba nilidanganya kliniki, na sitamtaja Yustina. Mjomba wako ndiye atakayejitaja mwenyewe. Sitasema kwa niaba yake tena.

Sikuandikii haya kukutia moyo. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii vingi mno. Wanasikiliza, wengine kwa dhati kabisa, wanaandika, wanasema suala limepokelewa. Bajeti ina safari yake, na hakuna kikao ninachokijua kilichowahi kununua dawa ndani ya wiki mbili. Ini la mjomba wako halina kalenda ya halmashauri. Daktari nimempigia leo mchana. Anasema aende akapimwe kabla vidonge havijaisha, na anaulizia kila mahali anapoweza kuulizia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuuliza.

Najua unachokifikiria, nimekulea. Unafikiria mshahara wako wa kwanza. Utatosha kopo, pengine mawili, kama duka litakuwa nayo. Kopo ni mwezi mmoja, na dawa ni ya maisha yake yote. Tulijaribu kuwa serikali ya mtu mmoja, mimi kwa uongo, mama yako kwa cherehani, yeye kwa kukataa kuuza. Imetushinda. Ukituma tutapokea, sitajifanya mwenye fahari. Lakini usidhani kwamba usipotuma utakuwa umemuua. Kuna watu wazima waliokuwa na sauti, nami nikiwa mmoja wao, walionyamaza kabla yako.

Na kuna hili, nilikuwa nimeamua kutoliandika. Jumatatu nilichukua dawa zangu. Kopo hilo jipya sijalianza, lina vidonge thelathini. Nimemwahidi mama yako, na nilimwahidi Yustina, kwamba sitagawa tena. Jana jioni nililifungua kopo nikajikuta navihesabu kwa wawili, kumi na tano na kumi na tano, kabla sijajua ninafanya nini. Nikalifunga. Nimeze zangu zote nimtazame akimaliza zake, au nigawe turudi tulikotoka? Najua jibu sahihi. Nimelisoma hewani mara nyingi. Siwezi kukuambia kwamba siku hiyo ikifika nitalifuata. Naandika hivyo ili usije ukaambiwa na mtu mwingine.

Jumanne utakuwa umeshaingia ofisi ya walimu. Huenda klipu itakutangulia kwenye simu za wenzako, na mtu atakuuliza kama huyo mzee wa Morogoro ni ndugu yako, maana jina la mwisho ni moja. Sema lolote utakaloweza kulibeba siku hiyo. Ukisema humjui, sitakulaumu. Mimi mwenyewe nimesema simjui mtu huyo kwa zaidi ya miaka kumi, na nilikuwa naoga naye. Ila nimeona kinachotokea mtu anapoahirisha. Unasema nitasema mwakani, nikishatulia, nikishapata nafasi nzuri. Mimi nilipata nafasi nzuri kabisa, mtu mwenye uwezo akaniuliza usoni, na sikuwa na kingine cha kufanya zaidi ya kufungua mdomo.

Mistari hii ya mwisho naiongezea nyumbani, umeshalala. Barua naiweka ndani ya lile begi la kamera, na begi nimeliweka juu ya sanduku lako. Kopo nimelitoa, liko kabatini sebuleni, karibu na vikombe, na litakaa hapo. Lichukue begi. Bado ni zima, na lina mfuko wa ndani usioingiza maji.

Kikao ni Jumanne, saa tatu asubuhi, ukumbi wa halmashauri. Jina langu ni la tatu kwenye orodha, la Mjomba Fransis ni la nne. Atashuka kutoka Mkuyuni na gari la kwanza. Asubuhi hiyo atakuwa amebakiwa na vidonge kumi na viwili, na amesema atakuja navyo mfukoni.

Baba yako